Gari Lililopita Manibe Bila Kusimama

Nilitoka Arua kwenda Koboko kumwona kaka yangu Adriko, aliyekuwa akilalamikia shingo tangu gunia la muhogo limteleze kichwani. Adriko hajui kuugua kimya, kwa hiyo nilibeba dawa ya kuchua na subira.

Koboko, asubuhi iliyofuata, tulikuwa tunakunywa chai. Kikombe kikamponyoka Adriko, mdomo ukaenda upande, maneno yakakatika. Jirani yake Wani akatukimbiza hospitali kwa gari lake. Daktari alisema ni kiharusi. "Kampala wanaweza kuvuta damu ile imeganda. Ndege iko Arua saa sita. Musisimame njiani."

Manibe ndiko kwetu, na barabara ya kwenda Arua inapita mbele ya ua wa mama. Hapo ndipo Adriko alinifundisha baiskeli, akikimbia nyuma yangu na kunitania mpaka nacheka na kuanguka. Siku zile zilikuwa tamu, nasi hatukujua. Ningetoa chochote nisikie utani ule tena. Kwetu mgonjwa mahututi hapitishwi mbele ya mlango wa mama yake bila kusimama. Huteremshwa, akaombewa, akaagana na mama.

"Tusimame kidogo?" Wani akauliza. "Mama ikose kuona mutoto yake?"

Nilijua tukisimama ukoo mzima utakuja, na ndege itatuacha. Nikasema, "Pita." Mama alikuwa uani anaanika muhogo. Aliinua kichwa. Sikuthubutu kumpungia mkono, nikalia hadi uwanja wa ndege.

Kampala, jioni ile, daktari alinieleza kwamba mshipa mkubwa wa shingo ulichanika kwa ndani, damu ikaganda hapo, na pande lake likaenda kuziba mshipa wa ubongo. Walipitisha mrija mwembamba kuanzia kwenye kinena hadi kichwani, wakalivuta pande lile, kisha wakaacha wavu mdogo wa waya shingoni kuushikilia mshipa. Kesho yake Adriko alinitazama, akasema polepole, "Wewe… iko mubaya… ukilia." Hajawahi kunipa sifa tamu kuliko hiyo.

Manibe tena, majuma kadhaa baadaye, Wani alisimamisha gari. Mama alimpapasa mwanawe uso wote. Kwenye simu hatukuwa tumeligusa jambo lile, basi nikapiga magoti niombe radhi kwa kupita.

Akanijibu kwa Kiswahili, ili Wani naye asikie. "Siku ile niliona gari ya Wani inapita mbio. Habari ya ugonjwa ikafika, watu wakauliza kwa nini mimi nashukuru Mungu. Nikasema, maiti ndio wanaleta kwa mama. Hii imepita, basi mutoto yangu iko hai."