Clifford na Maswali ya Simu

Clifford wa Rusinga alikuwa mtu wa kupendwa, mrefu, mwenye mwendo wa korongo. Tangu achaguliwe kuwa mhudumu wa afya wa kijiji, alitembea na simu ya kazi kifuani, imening'inia kwa kamba kama rozari. Simu yenyewe, wajua, haikuwa ya salamu tu. Ukiionyesha kidonda inakitazama, ukiisemesha Kijaluo inakusikia, halafu inakuuliza maswali na kukuambia kama mgonjwa avuke daraja aende hospitali ya Mbita leo hii ama angoje.

"Daktari nimemfunga shingoni," Clifford alizoea kujisifu, na akina mama walicheka.

Basi siku moja akaitwa kwa mama mkwe wake, Min Lorine, yaani mamake Lorine, mkewe. Na kwa Wajaluo ukwe ni ukuta. Mkwe hakisogelei hata kitanda cha mama mkwe, sembuse kutazama mwili wake.

Mama alikuwa ameketi, leso hadi kooni. "Ni hapa, Baba Emmah," akamwambia Clifford, akitazama mlango. "Kwenye titi."

Clifford akaishika simu kifuani. Kijiji cha pili alikuwako Scovia, mhudumu mwenzake wa kike. Angefika kabla chai haijachemka. Lakini amwiteje Scovia, yeye mwenye daktari shingoni? Akageukia ukuta, akanyoosha mkono nyuma kama mtu anayemlisha mbwa mkali, akapiga picha. Ikatoka leso na ncha ya bega.

Simu ikasema haioni vizuri, asogee. Akaipunguza sauti. Ikauliza: ngozi imevutwa ndani? Chuchu inatoa majimaji? Kuna uvimbe kwapani? Mwanamume amuulize mama mkwe hayo? Afadhali ardhi immeze. Akainong'oneza simu mwenyewe: la, la, la. Nayo, kwa kuwa imeambiwa hivyo, ikasema mama akandwe kwa maji ya uvuguvugu, atazamwe tena wiki ijayo.

"Inasema si kitu kikubwa, mama."

"Mungu akubariki. Umeniondolea mzigo."

Wiki ijayo hakwenda. Wala iliyofuata. Alituma salamu, na salamu zikarudi kwamba mama hajambo.

Mvua zilipokwisha, Lorine akarudi kutoka Kosele alikokuwa akiuza mahindi, akaenda kumwogesha mamake. Alirudi kwa mumewe akilia. "Simu yenu ni ya uongo! Titi limeoza, nayo ilisema si kitu!"

Habari ikafika ufuoni kabla ya jua kuzama. "Clifford," akamwita Paul mvuvi, "hebu iulize kama kesho kuna omena. Ikisema wapo, sisi tunalala."

Watu wakacheka. Clifford akainama. Ilikuwa rahisi kuiachia simu ule mzigo, kwani simu haina uso wa kuona haya.

Lakini nyumbani Lorine alikuwa bado analia. "Na mama amekataa kwenda Mbita. Ati mkwewe alisema si kitu. Akienda hospitali atamwaibisha."

Hapo Clifford akaketi chini, sakafuni. "Lorine, simu haikuona kitu. Yale maswali niliyajibu mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Ni mamako."

Lorine akafuta machozi kwa leso. Hakupiga kelele, heri angepiga. "Nenda ukamlete Scovia," akasema.

Akamleta. Scovia na Lorine wakaingia, na yeye akabaki nje, nyuma ya jiko, na kuku. Kupitia dirisha akaisikia simu ya Scovia ikiuliza, kwa sauti ileile ya upole. Ngozi imevutwa? "Ee," akajibu mama. Majimaji? "Ee." Kwapani? "Ee, tangu ile siku ya kwanza."

Simu ikasema aende Mbita leo hii.

"Baba Emmah yuko hapo nje?" mama akauliza.

"Niko, mama."

"Lorine ameniambia. Usijiumize moyo. Ulinistahi, mkwe wangu."

Neno hilo likamchoma kama mwiba wa samaki. Akavua ile kamba shingoni, akaifutika simu mfukoni, akakimbilia barabarani kutafuta gari.