Kiti cha Marta msibani

Leo nimeaibika msibani, tena mimi mwenyeji!

Tumemzika Bibi Zaituni hapa kijijini kwetu, Handeni. Nilikwenda na Marta, nesi wa Kireno anayejitolea kwenye zahanati yetu. Kila wiki alikuwa anamfuata bibi nyumbani kumsafisha kidonda cha mguu.

Si mnatujua? Mzungu akitokea, kiti kinatafutwa hata kwa jirani. Miezi mitano, kila nyumba, Marta anakalishwa juu peke yake.

Na mimi nikafanya yale yale. Wanawake wako chini kwenye mikeka wanachambua mchele, nikaita, "Jamani, mgeni apatiwe kiti!"

Binti wa marehemu akaniangalia, macho yamevimba. "Mgeni yupi? Huyu ni mfiwa mwenzetu."

Akasogea kwenye mkeka, akampa Marta ungo. "Chambua, mdogo wangu."

Marta akakaa. Machozi hayakumwacha aone vizuri. Wali tumekula na mawe yake, na hakuna aliyelalamika.

Njiani akaniuliza kama ni vibaya kufurahi siku ya msiba.

Nyie mngemjibuje? Mimi nilimshika mkono tu.