Kunguru wa Mpingo

Gogo lile la mpingo nililitilia shaka tangu Kitui. Muuzaji alikuwa amelipaka udongo huku na huku kwenye ncha, eti lisipasuke. Nilitaka kuchonga swara. Tezo ilipoingia ubavuni ukatokea weupe, nikajua nimechezewa. Niliufuata kwa hasira nione unaishia wapi. Ukajikunja kama kifua cha ndege, na swara wangu akageuka kunguru, kama wale wanaotuibia vifaranga.

Mwenye duka la vinyago mjini Sultan Hamud alitema mate kidoleni, akamsugua kunguru mwili mzima. Hakuna rangi iliyotoka.

“Huu weupe umeupaka,” akasema. “Nenda ukaufunike na rangi nyeusi ya viatu. Wateja wangu hawataki kudanganywa.”