Jasho la Yiamat Mnadani

Kwenye mnada wa Oldonyo Sambu, upepo wa Mlima Meru huwafanya wanaume wazima wajikunyate ndani ya mashuka kama vifaranga. Yiamat, dalali wa ng'ombe aliyeanza na mbuzi mmoja wa kuazima, ndiye peke yake aliyekuwa akitokwa jasho.

Sababu aliijua. Daktari Anyesi, binti wa umri wa mjukuu wake, alimwamkia shikamoo kisha akampasulia ukweli: ana saratani ya tezi dume, na malisho ya saratani hiyo ni homoni za kiume. "Tutakuchoma sindano kila miezi mitatu, tuikatie malisho. Haitakwisha yote, ila itadhoofu. Joto litakupanda ghafla, usiogope."

"Fanya miezi sita, daktari, tumalize biashara."

"Hapa hakuna punguzo, mzee."

Joto lilikuja kweli, tena lilichagua saa mbaya: katikati ya bei. Muuzaji anayelowa jasho kwenye baridi ana ng'ombe mgonjwa. Hilo hata ndama anajua. Wanunuzi wakaanza kumkwepa. Yiamat akaona bora aruke sindano moja, auze kwanza, kliniki itamngoja.

Mkewe, Silantoi, alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. "Baba Lucky, ukiifungulia saratani haili majani, itakula wewe. Waambie watu unaumwa nini!"

"Niwaambie wale wachinjaji?"

"Basi nitakuja kuwaambia mimi. Sauti yangu unaijua."

Aliijua.

Mnada uliofuata, Ephraimu, mwenye bucha Terrat, alimzunguka fahali wa Yiamat, kisha akamkazia macho mzee huyo. "Shusha bei, mzee. Fahali mkavu, wewe ndiye unavuja. Unaficha nini?"

"Nachomwa sindano ya saratani ya tezi dume," Yiamat akasema kwa sauti ya kunadi. "Inazima homoni za kiume. Fahali hachomwi."

Wanunuzi wakaangua vicheko. Ephraimu akadakia: "Kumbe wamekufanya maksai!"

"Maksai analima mpaka anazeeka. Dume anaishia kwenye ndoano yako. Chagua wewe."

Ephraimu mwenyewe akacheka. Halafu akasogea, akanong'ona: "Mzee, mimi usiku naamka kukojoa mara kwa mara, na mkojo wenyewe hautoki vizuri. Hiyo kliniki iko wapi?"

Yiamat akajifuta shingo kwa ncha ya shuka. "Lipa fahali kwanza. Keshokutwa ni siku yangu ya sindano, tutakwenda wote."