Mstari wa Saba kwenye Kijitabu cha Mahindi

Katikati ya miaka ya sabini nilifanya kazi katika ofisi moja ya Iringa iliyosambaza mchoro wa mashine ya mbao ya kupukuchua mahindi. Mashine haikuwa mali ya mtu. Fundi yeyote aliruhusiwa kuiiga na kuibadilisha, kisha akatuandikia alichobadilisha ili wengine nao wafaidike. Mimi hata randa sikujua kuishika. Kazi yangu ilikuwa kuandika kijitabu cha maelezo na kujibu barua za watumiaji.

Fundi wa Ilula alitushauri misumari ikatwe ncha. Mwingine wa Idodi aliuliza afanyeje, mbao zake zimeliwa na mchwa. Halafu ikaja barua ya fundi wa Igowole, fupi: "Ndugu, mstari wa saba unasema punje zikikwama zitolewe kwa vidole huku mpini ukizungushwa. Mama mmoja hapa ameumia. Rekebisheni upesi."

Mstari ule niliuandika mimi, mezani, bila kuwahi kuzungusha mpini hata mara moja.

Nikaipeleka barua kwa mkuu wangu. Alikuwa anachokonoa meno kwa njiti ya kibiriti. Akasoma, akailaza mezani, akaweka kikombe cha chai juu yake.

"Hawa ndio wa kutufundisha sisi?"

"Mtu ameumia, mzee."

"Vijitabu vimeshachapwa. Wageni wanakuja kutoka wizarani. Unataka niwaonyeshe karatasi zilizokatwakatwa?"

Akaifuta ile njiti kwenye ukingo wa barua.

Nilipanda basi kwenda Igowole bila ruhusa. Fundi alinipeleka moja kwa moja kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, ndani ya ghala la kijiji. Vitabu vya kusomea vilikuwa havitoshi, kwa hiyo walijifunza kusoma kwa kijitabu changu. Nikiwa mlangoni nilisikia watu wazima kama thelathini wakisema kwa sauti moja: "Saba. Punje zikikwama, zitoe kwa vidole huku ukizungusha mpini." Walikuwa wameukariri. Hata wasiojua bado herufi waliujua.

Mama aliyeumia alikaa benchi la mbele. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa chenye majani yaliyopondwa. Nzi walikizonga, na harufu yake ilinifikia kabla ya salamu.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimu kwa lugha ya kwao.

Naye alikuwa ameusoma mstari ule pamoja na wenzake.

"Mama, hata wewe unausoma?"

"Sasa si ndio somo?" Darasa zima likacheka.

Niliwaambia waukate. Baba mmoja akakifunika kijitabu chake kwa kiganja. "Hiki kimechapwa. Aliyeandika alikuwa na akili zake."

"Niliandika mimi."

Yule mama akaishika mikono yangu, akaikagua kidole kwa kidole, kama mtu anayechagua mbegu.

"Kweli," akawaambia wenzake. "Huyu hajawahi kupukuchua."

Mwalimu akaniuliza waandike nini badala yake. Mama ndiye aliyesema, nami nikaandika ubaoni: Simamisha kwanza. Toa punje kwa kijiti. Wakaukata mstari wa zamani, wakarudia huo mpya mpaka ukawakaa. Siku hiyo hiyo fundi na mimi tulimpeleka mama hospitali. Tulikuwa tumechelewa, kidole kilikatwa.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Mbeya. Kwenye stoo ya ofisi ya huko nikakuta vijitabu vipya vimefungwa kwa kamba, vikisubiri kupelekwa Usangu kwa wakulima waliohamia kutoka kaskazini. Kwenye jalada kulikuwa na picha ya mkuu wangu wa Iringa ameshika mpini, tai shingoni. Nilifungua ndani. Mstari wa saba ulikuwa vilevile, neno kwa neno, na safari hii hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa.

Sikwenda kwa mtu. Nilikaa juu ya gunia, nikakata kamba, nikaanza kuufuta mstari kwa kalamu na kuandika pembeni maneno ya yule mama, nakala moja baada ya nyingine. Mkuu, aliyekuja Mbeya kwa mkutano, akachungulia mlangoni na njiti yake mdomoni.

"Unachafua vitabu, ndugu."

Nikavuta nakala nyingine. Lori la Usangu lilikuwa linaondoka saa nane, na robo ya mafungu ilikuwa bado.