Fundi Taratibu: aliyeshuka ghorofani akapata riziki jikoni

Saa mbili asubuhi, jiko la Mwalimu limevuliwa nguo. Milango ya makabati imetolewa yote na kulazwa uani, kwenye kivuli cha ukuta. Ndani kila kitu kiko wazi: sufuria zilizopandana, mfuko wa unga uliofungwa kwa mpira, birika lisilo na mfuniko.

"Usitazame sana, fundi," Mwalimu anasema huku akitafuta mkoba wake. "Kabati la mtu ni siri yake."

"Mimi ni kama daktari, Mwalimu," anajibu mwanamume aliyepiga goti moja, bisibisi mkononi. "Nikivuka kizingiti chako nimeshasahau."

Mtaani wanamwita Fundi Taratibu. Wapo wanaodhani ni kwa sababu ya mwendo wake, maana mguu wa kushoto huuvuta kidogo. Wateja wake wanajua sababu nyingine. Ukimwambia aharakishe, anakujibu neno hilohilo moja, kisha anaendelea na msasa wake kana kwamba hukusema kitu.

Kazi yake ni kuyarudishia sura makabati ya jikoni yaliyochoka. Si ya mbao ngumu, la. Ni yale ya chipbodi yaliyovishwa ngozi laini ya plastiki, ambayo yalipotoka dukani yaling'aa kama kioo, na sasa yameiva mafuta, pembe zimebanduka, na rangi yake ya kahawia haijulikani tena ni ya asili au ni ya moshi.

"Watu wengi wakiyaona hivi wanafikiria shoka," anasema. "Mimi nawaambia, kabati lako halijafa. Limechakaa uso tu. Sanduku lenyewe ni zima."

Kwa hesabu yake, mteja hulipa chini ya robo ya bei ya makabati mapya. Mwezi mzuri hupata majiko matatu au manne. Mwezi mbaya, moja, na siku nyingine za kupaka ukuta wa mtu au geti.

Hakuanza huku chini. Kwa miaka mingi alipaka rangi majengo marefu, akining'inia kwenye ubao na kamba. Siku moja kamba iliteleza. Aliangukia rundo la mchanga, na mchanga huo ndio uliomwachia roho, lakini nyonga haikurudi kama ilivyokuwa. Daktari akamkataza ngazi na majukwaa.

Akabaki nyumbani. Mkewe, mshonaji wa mapazia, ndiye aliyeibeba nyumba kwa cherehani yake.

"Mwanamume mzima ukikaa unasikiliza cherehani ya mkeo kutwa, kila mshono unakuchoma wewe," anasema. "Yeye hakuniambia neno baya hata moja. Ndiyo ilikuwa inazidi kuniuma."

Walikuwa wamepanga nyumba yenye makabati yaliyochoka vibaya. Siku moja, kwa upweke tu, akachukua rangi iliyobaki kwenye kopo na kuyapaka. Yakapendeza. Mkewe akapiga vigelegele. Baada ya wiki, mama huyo akaugusa mlango kwa kucha, na rangi ikatoka vipande vipande kama ganda la yai la kuchemsha.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," mkewe anakumbuka. "Nikamwambia, baba, hii rangi umeipaka au umeiegesha?"

Kicheko hicho kilimpandisha mori. Akaanza upya, mlango mmoja mmoja, akikosea na kurekebisha. Ndipo alipoijua tabia ya plastiki: haipokei mgeni. Kwanza uioshe mafuta yote kwa sabuni na kuipangusa kwa spiriti. Kisha uikwaruze kwa msasa laini, ule mng'ao ufe tu, usiitoboe. Palipobanduka upake gundi na kuweka tofali lililofungwa kitambaa mpaka pashike. Mashimo uzibe kwa puti. Halafu praima, ile rangi ya msingi inayong'ang'ania, na juu yake rangi nyembamba mara mbili, kila moja ikikauka kabla ya mwenzake.

"Hapo kwenye kukauka ndipo wengi wanaposhindwa," anasema. "Rangi si ugomvi, huwezi kuimaliza kwa kelele."

Jirani aliyekuja kuazima ndoo akayaona makabati hayo na kumtaka akampakie ya kwake. Fundi alitoka mbio, kadiri mguu ulivyomruhusu, akawapasha wenzake kijiweni: "Jamani, nimepata jiko!"

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Alimkuta mkewe mlangoni, mikono kifuani.

"Hongera," mkewe alimwambia. "Na huyo jiko lako jipya atalala chumba gani?"

Mpaka leo kisa hicho hakichuji. Shemeji zake wakimwona humuuliza, "Bwana harusi, umeoa mangapi mwezi huu?"

Jikoni kwa Mwalimu hakukuwa na kicheko kama hicho siku ile ya kwanza. Mwalimu anaishi na mama yake mzazi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mpishi wa hospitali. Alipikia wodi nzima kwa masufuria ambayo mtu mmoja hayainui. Sasa presha ya macho imemla nuru. Anaona giza na mwanga, na vivuli vya vitu vikubwa.

Muda mfupi kabla fundi hajaitwa, Bibi huyo alikuwa amejimwagia maji ya moto mkononi akitafuta sukari. Mwanawe akampiga marufuku jikoni. Tangu hapo mama huyo akawa mtu wa kukaa sebuleni, redio imezimwa, akijibu "ndiyo" na "hapana".

"Nilikuwa namlinda," Mwalimu anasema. "Lakini nilikuwa narudi kazini namkuta vilevile nilivyomwacha. Hata mto haujasogea. Nikaanza kuogopa kurudi nyumbani."

Makabati aliyataka yapakwe meupe yote, vishikio vyeupe na ukuta mweupe. Aliona jiko la namna hiyo kwenye picha na likamkaa rohoni. Rangi ilikuwa imeshanunuliwa.

Fundi alikuwa uani akipangusa milango alipomwona Bibi akiingia jikoni kwa kunyata, mwanawe akiwa ameshaondoka. Alipapasa ukuta kwa kiganja, akapita kwenye makabati yaliyokuwa wazi, akarudi. Mkono ukafika kwenye ufito mweusi wa dirisha, ukasimama hapo.

"Shikamoo, Mama," fundi akamwita kwa upole, asimshtue.

"Marahaba. Ni nani huyo? Fundi?" Akashusha sauti. "Mwanangu, usimwambie kwamba nimeingia."

"Sisemi. Ila nikuulize. Huo ufito umeuonaje?"

"Si mweusi huo, na nyuma yake pana mwanga? Mambo ya kahawia yote hayo mimi nayaona kama ugali mmoja. Sijui mlango ni upi, ukuta ni upi. Siku ile ya maji niliushika ukuta nikidhani ni kabati."

Fundi alirudi kwenye milango yake, lakini kazi haikuenda. Rangi nyeupe ilikuwa imekaa pale kwenye ndoo. Jiko jeupe tupu lingekuwa ugali mwingine, mweupe badala ya kahawia.

Jioni alimsubiri Mwalimu. Akamwambia kwamba weupe ni mzuri, ila aruhusiwe kupaka ukingo wa kila mlango rangi nyeusi, upana wa kidole, na vishikio viwe vyeusi pia.

"Fundi, hapana," Mwalimu alikataa. "Litakuwa ubao wa drafti hilo. Nimejinyima nipate jiko zuri, siyo la kuchezea kete."

"Ni kwa ajili ya mama yako."

"Mama haingii jikoni."

Fundi hakusema alichokiona asubuhi, alikuwa ameahidi. Sauti ikatoka sebuleni. "Naingia," Bibi alisema. "Kila siku ukiondoka naingia. Nasimama tu. Nasikia harufu ya jiko langu, kisha natoka."

Mwalimu alikwenda chumbani, akakaa humo kitambo. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. "Paka hizo kingo," alimwambia fundi. "Na kama kuna kingine cha kumsaidia, paka."

Rangi nyeusi haikumgharimu Mwalimu chochote. Ilikuwa kwenye kopo la fundi, imebaki kutoka kwenye geti la mtu. Alipaka kingo kwa tepu na brashi nyembamba. Kwenye mlango wa sukari na majani ya chai akafunga kishikio cha mviringo, tofauti na vingine, ili mkono uujue hata macho yakigoma.

Siku ya kurudisha milango, mke wa fundi alikuja naye kupima dirisha la pazia. Wote watatu walisimama kando wakati Bibi anaingia. Safari hii hakupapasa ukuta. Alisimama katikati, akageuza kichwa kushoto, kulia.

"Ninyi," alisema. "Mmeniwekea fremu."

Akanyoosha mkono, akashika kishikio cha mviringo kwa mara ya kwanza, akafungua, akatoa kopo la sukari. Mkono ukagusa kopo la pembeni, akalionja kwa ncha ya kidole. "Na hii chumvi nani kaileta karibu na sukari? Mwalimu mzima, kabati hujui kulipanga!"

Mwalimu alicheka na kulia kwa pamoja. Asubuhi ya kesho yake, anasimulia, aliamshwa na kelele za vyombo na redio iliyofunguliwa kwa sauti ya kuudhi. "Na sikuipunguza," anasema.

Sasa fundi na mkewe wamepata banda nyuma ya mchomeleaji mmoja. Lina paa zima na kuta za kuzuia vumbi, na milango ya wateja itakaukia humo badala ya kwenye nyua za watu, ambako kuku na mvua havina adabu. Mbele, mkewe ataweka cherehani na mapazia yake. Mwenye banda ameshapokea kodi ya kuanzia.

Limebaki sharti moja, nalo limetoka kwa mkewe. Nyumba wanayoishi sasa, makabati yake ya jikoni hayana milango tangu walipohamia. Mumewe aliitoa ili aipake, wateja wakamvuta huku na huku, na milango ikabaki imeegemea ukuta chumbani. Kinyozi hajinyoi. Mama huyo amesema hatundiki pazia hata moja bandani mpaka milango yake iwe ya kwanza kukaukia humo.

"Nimekubali," fundi anasema. "Nimemuuliza anataka rangi gani, hataki kuniambia. Anasema atanitajia siku hiyohiyo."

Mkewe anainua uso kutoka kwenye kitambaa. "Nimesikia rangi za majiko ya watu wote wa mtaa huu," anasema. "La kwangu naliwaza polepole. Na ole wake aniletee iliyobaki kwenye kopo."