Siku Nilipomwita Mkwe Wangu Mezani

Kama ningepewa nafasi ya kurudisha neno moja tu kati ya yote niliyosema maishani, mwanangu, ningerudisha "sawa" niliyomjibu kijana wangu kwenye simu jioni moja ya kiangazi, nikiwa nimekaa barazani kwangu hapa Bondeni.

Ambakisye, huyo kijana wangu, anafanya kazi Mbeya. Alipiga akiwa na furaha tele. Yeye na mkewe Tumpe walikuwa wakisherehekea miaka kadhaa ya ndoa yao, na wameamua kutuchukua mimi na mama yake twende wote hotelini, ufukweni, kule milima ya Livingstone inapoteremka mpaka ziwani. Kila kitu kimeshalipiwa, alisema. Kulala, kula, kunywa, hata mtumbwi wa kututembeza, na watoto wangebaki Mbeya kwa jirani.

"Ila nina ombi, Baba," akaongeza. "Kule tukae meza moja, wote wanne. Haya mambo ya Tumpe kukukwepa yaishe. Mwambie wewe. Mimi hanisikilizi."

Nikasema, "Sawa."

Labda wewe umekulia mjini, au kwenu si Kyela, kwa hiyo nikueleze kidogo. Kwetu Wanyakyusa, mke wa kijana wako hakutazami usoni. Tunaita ukutila, kumcha mkwe. Akikuona njiani anakupisha. Ukiwa sebuleni haingii. Jina lako halitamki. Siku hizi wengi wameacha, na wengine wanafanya nusunusu, wakikumbuka wanapishana, wakisahau basi. Tumpe hakulazimishwa na mtu. Mama yake kule Ngonga alimfundisha, naye akaishika kama mtu anavyoshika sala yake.

Usije ukadhani kwamba hatukujuana. Tulijuana sana. Walipokuja likizo, asubuhi na mapema aliniwekea chai kwenye kigoda nje ya mlango, akakohoa kidogo, akaondoka. Mimi nikakohoa kumjibu. Kikohozi changu ndicho kilichokuwa "ndaga", asante yetu, na alikielewa. Miguu ilipokuwa ikiniuma alichemsha maji ya chumvi, akampa mke wangu aniletee, kisha nikamsikia dirishani akimuuliza, "Mzee amelalaje?" Mtoto wake wa kwanza alipewa jina langu, Gwamaka. Mama yake hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Alimwita Kaka, mpaka mwalimu wa chekechea akadhani ndilo jina lake.

Mimi nilipaswa kuelewa kuliko mtu yeyote, kwa sababu nilishaonywa nikiwa kijana. Nilikuwa nasoma sekondari, nikarudi likizo na suruali yangu mpya na maneno mengi. Nikamkuta mama yangu ameingia kwenye jaruba la mpunga, matope mpaka magotini, ndoo ya maji kichwani, ili babu yangu apite kwenye tuta. Nikacheka kwa sauti. "Mama, bado tu unamkimbia yule mzee?"

Mama akasubiri babu apite. Akapanda juu ya tuta, akajifuta matope kwa majani. "Simkimbii," akasema. "Namwachia njia. Wewe soma, baba, soma sana. Lakini usiniamulie."

Nilisoma, nikawa karani bandarini Itungi enzi za meli, na maneno ya mama yangu nikayasahau.

Basi tukaenda hotelini. Mapokezi walitufunga kila mmoja utepe wa plastiki mkononi, ili wahudumu wajue kwamba hatudaiwi kitu. Mke wangu akautazama wa kwake, akautazama wa kwangu.

"Baba Amba," akasema, "tayari tumetiwa alama. Kilichobaki ni mnada."

Asubuhi nilimwona anatia mayai ya kuchemsha kwenye mkoba. Ambakisye akacheka mpaka akashika meza. "Mama, hatubebi! Ukitaka unarudi tu kuchukua."

"Na nikiyataka jioni?"

"Unaagiza, wanakuletea."

"Basi haya nimeshaagiza," akasema, akafunga zipu.

Nakuambia haya ili ujue tulikuwa na raha. Na Tumpe alikuwa na raha pia. Hilo ndilo linaloniuma. Ukumbi wa kulia ulikuwa mmoja tu, hauna kuta, lakini alijua namna ya kukaa. Alichagua meza ya mbali nyuma ya nguzo, palipokuwa na vyungu vikubwa vya Wakisi, wafinyanzi wa ziwani kwetu, vyenye maua. Alinisubiri nipakue, nikishakaa ndipo naye akaenda. Mchana alikaa na mke wangu mchangani, khanga mabegani, na upepo wa ziwa uliniletea vicheko vyao mpaka kwenye kiti changu. Alikuwa anapumzika kwa namna yake.

Aliyekuwa hapumziki ni kijana wangu. Nilimhurumia, na hata leo simlaumu. Alikuwa akitembea na sahani yake kati ya meza mbili, anakula samaki kwetu, anakwenda kula matunda kwa mkewe, kama mhudumu. Alikuwa amejinyima vitu vingi apate siku zile, na alichotaka ni kuona watu wake wote wanakula pamoja. Mtu akitaka kitu kizuri namna hiyo, ni vigumu kumwambia subiri.

Mama yake alimwambia. Siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, alitusikia tukinong'ona, akatukatisha. "Mwacheni mtoto wa watu. Kama ni kulegeza, iko namna yake. Nitakwenda Ngonga kwa mama yake, tutakaa wanawake, tutazungumza, na yeye mwenyewe atasema kama anataka. Siyo hapa, mbele ya wageni."

Labda ningemsikiliza. Lakini meza ya jirani alikuwepo bwana mmoja, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa wilayani kwetu kutoka mikoa ya mbali, mtu mwenye heshima zake. Akainama kwangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, samahani. Yule binti kule nyuma ya nguzo, mna ugomvi naye?"

Aliuliza kwa wema. Mimi nikaona haya. Nikajiona mtu wa kale, niliyemfukuza mtoto mezani. Ningeweza kumweleza kwa maneno mawili, naye angeelewa, maana kila kabila lina ya kwake. Badala yake nilisimama.

"Tumpe!" nikaita, ukumbi mzima ukasikia. "Njoo hapa ukae na sisi!"

Sikuwahi kumwita kwa jina kabla ya siku ile. Niliona khanga yake ikisogea nyuma ya nguzo, kisha akasimama. Elewa hapa, mwanangu: asingeweza kuja bila kunivunjia heshima, na asingeweza kukataa amri yangu bila kunivunjia heshima. Nilimfungia njia zote mbili, kisha nikakaa nikitabasamu.

Alikuja. Alikuwa amejifunika khanga kichwani, macho chini. Ambakisye akamvutia kiti karibu na changu, akaishusha ile khanga mabegani taratibu. "Hapa ni hotelini, mama," akamwambia kwa upendo. Alipakuliwa wali na mbasa, samaki wa ziwani kwetu. Hakula. Alikuwa akiuzungusha ule utepe mkononi, anauzungusha tu. Mhudumu akapewa simu atupige picha.

"Mama, tabasamu kidogo," mhudumu akasema.

Tumpe akatabasamu.

Nikakohoa, kikohozi kile chetu, cha kumwambia pole. Hakunijibu.

Picha ile Ambakisye aliituma kwenye kundi la familia kabla hatujanyanyuka mezani, na kabla ya jua kuzama ilikuwa imefika Ngonga. Huko hawakuona furaha ya kijana wangu. Waliona binti yao amekaa ubavuni kwa baba mkwe, kichwa wazi, anacheka. Mama yake akapiga simu kwa mke wangu akilia. Baadaye mjomba wake akanipigia mimi. Ni mzee wa kanisa, mtu mpole, akaanza kwa salamu ndefu. Nilikuwa nimesimama kwenye njia ya mawe iendayo vyumbani.

"Ndugu yangu, tumeona picha," akasema. "Sitaki kuhukumu. Nauliza tu. Alikuja mwenyewe mezani, au aliitwa?"

Mwanangu, lilikuwa swali jepesi. Jibu lake ni neno moja: aliitwa. Neno hilo lingemrudishia Tumpe uso wake kwao, mimi ningebaki na aibu yangu, na aibu ya mzee haichukui muda kuisha. Lakini nikajiona nikiambiwa kwamba mzee mzima sijui mila. Nikacheka kidogo.

"Aa, ndugu yangu," nikasema, "vijana wa siku hizi unawajua."

Nilipogeuka, Tumpe alikuwa hatua chache nyuma yangu, taulo begani, akitoka ziwani. Alikuwa amesikia. Kwenye njia ile palikuwa na nafasi ya kunipisha, majani mafupi tu pembeni. Hakunipisha. Alisimama akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu aolewe kwangu. Macho yake ni ya kahawia. Sikuwa najua.

"Shikamoo, Baba," akasema.

Nikaitikia, "Marahaba." Ningeweza kusema kingine chochote, hata pole. Akapita mbele yangu, akaenda zake.

Hakugombana na mtu. Aliagana vizuri, akamshukuru mke wangu, akanipa mkono. Ambakisye alifurahi, akidhani jambo limekwisha salama. Mke wangu ndiye aliyejua, na njia nzima ya kurudi Kyela hakunisemesha. Tulipofika aliutoa ule utepe mkononi, akaukata kwa kisu cha jikoni, akasema, "Nilikuambia ningekwenda Ngonga." Basi.

Mvua zilipoanza nilikwenda mimi. Nilimkuta mama yake Tumpe akianika mpunga. Nikamweleza yote: kwamba nilimwita, kwamba nilimlazimisha, na kwamba nilipoulizwa nilimsingizia. Alinisikiliza akiwa ameshika ungo wake.

"Ndaga kwa kuja, Baba," akasema. "Lakini picha waliiona watu wengi. Wewe umekuja kunong'ona na mimi peke yangu."

Alikuwa na haki. Nikasubiri kikao cha ukoo, nikasimama, nikasema mbele ya wote, mjomba akiwepo. Watu waliitikia kwa vichwa, wakaniambia nisijali, kwani kwao jambo lilikuwa limeshapita. Nilimpigia na Tumpe mwenyewe, nikamwomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe, Baba." Naamini amenisamehe kweli. Si mtu wa kuweka kinyongo.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe unayeoa kesho, au utakayekuwa na wakwe siku moja.

Sisemi kila mila ibaki. Mila nyingine zimewaumiza wanawake wetu, na wao wenyewe wakitaka kuziacha, wasaidie. Ninachosema ni kwamba usimwamulie. Mtu akikupa heshima kwa namna yake, usimpokonye ukidhani unamfungua. Muulize kwanza. Muulize kwa njia anayoielewa yeye, kwa mdomo wa mtu anayemwamini, na umpe nafasi ya kusema hapana. Furaha ya kijana wangu ingeweza kusubiri mpaka wanawake wakae Ngonga. Hoteli zipo tu, ziwa haliendi popote.

Na ukimkosea mtu mbele za watu, usingoje mvua zinyeshe. Sema siku ileile, mbele ya watu walewale, "Ni mimi." Aibu utakayoiona ni ndogo kuliko utakayobaki nayo ukinyamaza. Kama kuna anayesubiri neno hilo kutoka kwako hivi sasa, weka karatasi hii chini, ukampigie.

Mungu akupe nyumba yenye watu wanaokujali hata wasipokutazama. Akupe sikio la kuwasikia, na ulimi mwepesi wa kuwatetea.

Mimi sina tena nyumba hiyo. Tumpe huja kwangu kama kawaida, likizo kwa likizo. Anaingia sebuleni nikiwepo, ananiamkia kwa sauti, ananipa mkono, kama anavyomwamkia mzee yeyote stendi. Mwanawe anamwita Gwamaka, waziwazi, nami nikiwa nasikia. Asubuhi chai yangu iko mezani pamoja na za wengine. Nikisahau nakohoa, na mjukuu wangu anakuja mbio kuniuliza kama naumwa. Nilikuwa na binti aliyenicha kuliko watoto wote niliowazaa, nikamtoa kwa ajili ya picha moja na uongo mmoja, na hatarudi.